Kazi ya Ziada Isiyolipwa: Fundi na Mwenye Kazi Wapatane Mapema

Vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi havikai tu kungoja mfadhili. Vimeingia kazini. Kimoja kinajenga matangi ya maji na vyoo, kingine kinashona yunifomu za shule, kingine kinapika kwenye harusi na matanga na kukodisha hema na viti. Vijana nao wanafunga mabomba na stima. Hii ni hatua kubwa, na tunawapongeza.

Lakini katika mikutano mingi tunasikia lalamiko moja: "Kazi tunapata, lakini pesa hatuoni." Tukikaa chini pamoja na kufungua daftari, mara nyingi tunakuta hakuna mtu aliyeiba. Bei pia haikuwa mbaya. Kitu kilichokula faida ni saa. Jioni mbili tatu hapa, Jumapili moja pale, simu ya saa mbili usiku, na yale maneno ambayo kila fundi anayajua: "Fundi, hebu niongezee hapa kidogo tu."

Katika makala haya tutaeleza kazi ya ziada ni nini, inatuletea hasara gani, na jinsi ya kuizuia bila kugombana na wateja wetu, ambao wengi wao ni majirani zetu. Tutatumia neno "mwenye kazi" kumaanisha yule aliyetupa kazi na atakayelipa.

Kazi ya ziada ni ipi?

Kuna aina tatu, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni kazi iliyoongezwa. Mlipatana kujenga tangi. Mkiwa katikati, mwenye kazi anasema, "Kwa kuwa simiti imebaki, nifanyieni na pahali pa kufulia nguo." Simiti ni yake, sawa. Lakini mikono ni yenu, na siku ni yenu.

Ya pili ni saa zilizopita. Mlipatana kupika na kupakua mpaka saa kumi na mbili jioni. Wageni wamechelewa, chakula kimeliwa saa mbili usiku, na akina mama wanaosha sufuria mpaka saa nne. Hakuna kazi mpya hapo, ila siku imerefushwa, na hakuna aliyesema nani atalipia huo urefu.

Ya tatu ni kuitwa baada ya kazi kwisha. Mlimaliza, mkalipwa, mkaondoka. Baada ya miezi minne mnapigiwa simu: "Ile bomba yenu inavuja, kujeni leo." Kumbe mtoto alining'inia kwenye bomba likavunjika. Nauli ni yenu, siku ni yenu, na mkifika mnaambiwa asante na kikombe cha chai.

Kila moja ina dawa yake, kama tutakavyoona. Kosa kubwa ni kuzichanganya zote na kuziita "kumsaidia mteja".

Tufanye hesabu

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii sisi huitumia kwa akiba, lakini hata hasara hujaa hivyo hivyo. Tuchukue mfano.

Watu wanne wa kikundi wamepatana kujenga tangi kwa siku 8. Malipo ya ufundi ni shilingi 24,000, na wote wanne watagawana sawa. Watu 4 mara siku 8 ni siku za kazi 32. Gawanya 24,000 kwa 32, unapata shilingi 750 kwa kila mtu kwa siku. Si haba.

Sasa kila jioni wanaombwa kubaki saa 2 zaidi: mara kuweka mifereji ya paa, mara kupiga plasta ukuta wa jikoni. Watu 4 mara saa 2 mara siku 8 ni saa 64. Kama siku ya kazi ni saa 8, hizo ni siku za kazi 8. Halafu Jumapili moja wote wanne wanafika kumalizia pahali pa kufulia. Ni siku nyingine 4. Jumla ni siku za kazi 12 ambazo hazikuwa katika mapatano.

Siku 12 mara shilingi 750 ni shilingi 9,000.

Kikundi kimetoa mfukoni shilingi elfu tisa bila mkutano, bila kura, bila mweka hazina kuandika. Ukigawanya zile 24,000 kwa siku 44 zilizofanywa kweli, kila mtu amepata kama shilingi 545 kwa siku. Ndiyo sababu wanasema pesa hawaioni. Na mtu wa kwanza kuchoka atatoka kwenye kikundi aende kutafuta kibarua kwingine, na kikundi kitapoteza fundi mzuri huku kikidhani ni mvivu.

Tunawaomba mfanye hesabu hii kwa kazi yenu ya mwisho. Msikisie. Andikeni siku, saa, na watu waliokuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za mtu ni mali pia.

Kwa nini tunanyamaza?

Tukiuliza mafundi kwa nini hawakusema mapema, tunapata majibu manne.

"Ni jirani yangu." Mwenye kazi ni mwalimu wa watoto wetu, au shemeji, au mzee wa kijiji. Kudai shilingi mia tatu kutoka kwake kunaonekana kama kukosa adabu.

"Ataenda kwa fundi mwingine." Kuna woga kwamba ukisema hapana mara moja, kijiji kizima kitasikia kuwa wewe ni mgumu.

"Pesa yangu bado iko kwake." Huu ndio mtego mbaya zaidi. Kama hujalipwa nusu ya pili, kila ombi analoleta unaliona kama amri, kwa sababu unaogopa akikasirika hatakulipa.

"Hatukupatana chochote." Hili ndilo jibu la kweli kabisa, na ndilo linalozaa hayo mengine. Mapatano yalikuwa: "Fundi, ni ngapi?" "Ni elfu ishirini na nne." "Basi anza Jumatatu." Hakuna aliyetaja kazi inaishia wapi.

Hapa lazima tuseme ukweli kwa upande wa mwenye kazi pia. Wengi si wadhalimu. Hawajui tu. Mtu ambaye hajawahi kupiga plasta haoni kwamba "kidogo tu" ni jioni nzima: kuchanganya, kupaka, kulainisha, kuosha vyombo. Kama fundi anatabasamu na kusema "haina shida", atajuaje kuna shida? Shamba lisilo na alama za mpaka, jirani atalilima bila nia mbaya. Kazi ya kuonyesha mpaka ni ya mwenye shamba.

Sheria inasemaje?

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo tueleze polepole. Kuna tofauti kati ya mwajiriwa na mtu wa kandarasi.

Mwajiriwa ni yule anayefanya kazi chini ya mwajiri kwa mshahara, hata kama ni kibarua wa siku. Huyu analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo inampa haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Tena kuna maagizo ya serikali kuhusu mishahara. Chini ya lile agizo la jumla, wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 52, zikigawanywa katika siku 6. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi nyingine zina maagizo yake zenyewe, lakini msingi ni huo huo: saa ya ziada ina bei.

Mtu wa kandarasi ni yule anayechukua kazi nzima kwa bei moja, anakuja na vyombo vyake, anapanga mwenyewe afanye namna gani, na analipwa kwa kazi iliyokwisha. Vikundi vyetu vingi viko hapa. Na hapa hakuna agizo la saa 52. Sheria haitakuja kumwambia mwenye kazi kwamba saa kumi na moja imefika. Sheria yenu ni yale mliyopatana. Kama mapatano hayana mpaka, kazi pia haina mpaka.

Kwa hivyo saa za kazi za mtu wa kandarasi huwekwa na mdomo wake mwenyewe, na wakati wa kuziweka ni kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Ukingoja mpaka siku ya saba ndipo uanze kudai, hata kama una haki, utaonekana unabadilisha maneno.

Mambo saba ya kupatana kabla ya kuanza

Si lazima wakili. Karatasi moja ya daftari inatosha, iandikwe nakala mbili kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, na pande zote mbili zitie sahihi au kidole. Andikeni haya:

1. Kazi yenyewe. Msiandike "kujenga tangi" tu. Andikeni ukubwa wake, mahali litakapokaa, na kama mifereji ya paa, bomba la kuchotea na mfuniko vimo ndani ya bei.

2. Kazi isiyokuwamo. Hili ndilo watu hulisahau. Andikeni wazi: "Kupiga plasta jikoni na kujenga pahali pa kufulia si sehemu ya kazi hii."

3. Siku na saa. Kwa mfano: Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula. Jumapili hakuna kazi.

4. Bei ya kazi ya ziada. Itajwe mapema. Mnaweza kuipata hivi: katika mfano wetu siku ni shilingi 750, gawanya kwa saa 8, ni karibu shilingi 94 kwa saa. Mkifuata desturi ya mara moja na nusu, saa ya ziada ni kama shilingi 140 kwa kila mtu. Kikundi kinaweza kuchagua bei nyingine, lakini kiwe na bei moja inayojulikana na wanachama wote.

5. Nani wa kuagiza na nani wa kukubali. Mwenye nyumba anasema hivi, mkewe vile, na ndugu yake kutoka Nairobi anapiga simu na kubadilisha yote. Andikeni jina la mtu mmoja upande wao, na mmoja upande wenu. Ombi lolote lipitie kwa hao wawili.

6. Malipo kwa awamu. Sehemu mwanzoni, sehemu katikati, sehemu mwishoni. Msiache fungu kubwa libaki mwisho, maana hilo ndilo kamba ya kuwavutia kwenye kazi ya bure. Lakini mwenye kazi naye ana haki ya kubakiza fungu dogo, tuseme sehemu moja ya kumi, kwa wiki chache mpaka aone tangi halivuji.

7. Matengenezo baada ya kazi. Andikeni ni muda gani mtarudi kurekebisha kasoro yenu bila malipo, na kwamba baada ya hapo, au kama mtu mwingine ameharibu, kuna malipo ya kufika na ya kazi.

Kwa akina mama wa upishi tunaongeza la nane: usafiri wa kurudi nyumbani. Kama kazi itapita saa kumi na mbili jioni, mwenye sherehe awe na gari la kuwarudisha au nauli ya kutosha. Hili si jambo la pesa peke yake. Mama anayetembea saa tano usiku na sufuria kichwani yuko hatarini, na nyumbani ameacha watoto. Kama mwenye sherehe hawezi kutoa usafiri, andikeni saa ya mwisho na muifuate. Sufuria chafu zinaweza kuoshwa asubuhi.

Jinsi ya kusema bila kugombana

Wengi wanatuambia, "Karatasi sawa, lakini siku ile nitasemaje?" Hapa kuna njia ambayo tumeona inafaa. Usiseme hapana kwanza. Sema bei kwanza, halafu umwachie mwenye kazi achague.

Mwenye kazi: "Fundi, kabla hujaenda, nipigie plasta kaukuta haka."

Fundi: "Sawa mwalimu, inawezekana. Hiyo ni ya watu wawili, kama saa tatu hivi. Kwa ile bei tuliyoandika, ni shilingi 840. Tuifanye kesho, ama tumalize tangi kwanza?"

Mwenye kazi: "Kwani unalipisha hata hiyo ndogo?"

Fundi: "Mwalimu, mimi si peke yangu. Nina wenzangu hapa, na saa zao si zangu kupeana. Ukiona ni ghali, tutaiacha mpaka wakati mwingine, hakuna ubaya."

Angalieni mambo matatu. Fundi hakukasirika. Alitaja bei ambayo tayari ilikuwa imeandikwa, haikutoka hewani. Tena alitaja wenzake. Hilo la mwisho lina nguvu kubwa, kwa sababu ni kweli. Kiongozi wa kikundi akisema "haina shida", hatoi wakati wake tu. Anatoa wakati wa watu wengine watatu ambao hawakuulizwa.

Kazi ya ziada ikikubaliwa, iandikwe pale pale kwenye ile karatasi: tarehe, kazi, bei, na sahihi. Kama mwenye kazi yuko mbali, mtumieni ujumbe wa simu na mngoje ajibu kwamba amekubali. Msianze kabla ya jibu.

Kasoro yetu au kazi mpya?

Hapa tuwe wakali kwa upande wetu wenyewe. Kama ukuta wa tangi umepasuka kwa sababu tulipunguza simiti au hatukuumwagilia maji ukakauka vibaya, hiyo si kazi ya ziada. Hilo ni deni letu. Turudi, tutengeneze, bila malipo na bila kunung'unika. Fundi anayedai pesa kurekebisha kosa lake mwenyewe anaharibu jina la wote.

Lakini kama kazi ilikabidhiwa ikiwa nzima na mwenye kazi akaiona, kisha kitu kikavunjwa, kikachakaa, au mwenye kazi akabadilisha nia yake, hiyo ni kazi mpya. Ndiyo maana siku ya kukabidhi ni muhimu. Msikabidhi kazi jioni gizani. Zungukeni na mwenye kazi mchana, fungueni bomba mbele yake, jazeni maji, mwonyesheni kila kitu, halafu mwandike: "Nimeipokea kazi hii ikiwa nzuri," na tarehe. Maneno hayo machache yataokoa safari nyingi za bure.

Washonaji nao wafanye hivyo hivyo. Kama mtoto alipimwa na sketi ikatoka ndogo kuliko vipimo, ni kosa la mshonaji. Kama mama alileta vipimo vya kukisia na sasa anataka ilegezwe usiku kwa sababu shule inafunguliwa kesho, hiyo ni kazi mpya tena ya haraka, na ina bei yake.

Simu

Zamani mwenye kazi alilazimika kutembea mpaka kwa fundi, na akiona giza alingoja asubuhi. Sasa simu inaingia mpaka kitandani. Fundi wa mabomba anaulizwa saa nne usiku jinsi ya kufunga maji, na mshonaji anatumiwa picha ya gauni wakati wa chakula cha jioni. Kuulizwa maswali pia ni kazi.

Pangeni saa za simu za kikundi, na mziandike kwenye risiti zenu: "Tupigie saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni." Kama mnaweza, kikundi kiwe na laini yake moja, na wanachama wapokezane kuishika. Dharura ya kweli itabaki, kama maji yanayofurika ndani ya nyumba au waya unaotoa moto. Hiyo tutaitika, lakini iwe na bei ya dharura inayojulikana. Mtu akijua kufika usiku kuna malipo, ataangalia kwanza kama jambo lenyewe haliwezi kungoja kuche.

Msaada ni msaada, kazi ni kazi

Kuna watakaosema, "Basi mnatufundisha kuuza hata wema?" La hasha. Vijiji vyetu vimejengwa na harambee. Mjane ambaye nyumba yake imeng'olewa paa na upepo hadaiwi bei ya saa ya ziada. Tutaenda, na tutabeba misumari yetu.

Tofauti ni hii: msaada hutolewa na mtu aliyekubali kutoa, akijua anatoa. Kazi ya ziada isiyolipwa huchukuliwa kutoka kwa mtu aliyeona haya kukataa. Kwa nje vinafanana, lakini kimoja kinaacha furaha na kingine kinaacha uchungu, na uchungu huo baadaye hutoka kwa njia ya kazi mbovu, simiti kupungua, au fundi kupotea katikati ya kazi.

Kwa hivyo kikundi kikitaka kusaidia, kiamue katika mkutano. Kiseme: mwaka huu tutatoa siku kadhaa za bure, na tutazitoa kwa watu hawa. Iandikwe kwenye kumbukumbu. Na hata ukimpunguzia mteja mzuri, andika kwenye risiti: "Kazi ya ziada shilingi 840, tumekupunguzia, hulipi." Akiona hivyo atajua amepewa kitu, na hatakitarajia kila siku.

Na watu wetu wa mkono je?

Hatuwezi kumaliza bila kujigeukia wenyewe. Kikundi kikichukua kandarasi na kuandika vibarua wa kubeba mawe na kuchanganya mchanga, kikundi chenyewe kimekuwa mwajiri. Vile mwenye kazi anatuambia "ongeza kidogo", ndivyo sisi tunavyomwambia kijana wa mkono, "Bakia umalizie kuosha vyombo." Yeye hana karatasi, hakuwepo tulipopatana, na jioni anapewa pesa ile ile.

Kijana huyo si mtu wa kandarasi. Ni mwajiriwa, hata kama ni wa siku moja, na ile sheria ya 2007 tuliyoitaja inamhusu. Saa ya ziada ya kikundi ikilipwa, na yeye alipwe yake. Kikundi ambacho hakimlipi kibarua wake hakina mdomo wa kumdai mwenye kazi.

Akikataa kulipa

Kama mlipatana, mkaandika, na mwenye kazi bado amekataa, fuateni hatua hizi bila hasira.

Kwanza, nendeni watu wawili mkiwa na daftari, mkae naye, mpitie hesabu mstari kwa mstari. Deni nyingi huisha hapo.

Pili, tafuteni mtu wa kuwapatanisha anayeheshimiwa na pande zote mbili: mzee wa kijiji, chifu, au mtu mwingine mtakayekubaliana. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 159, inahimiza kumaliza ugomvi kwa upatanisho. Mkipatana, andikeni.

Tatu, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ilianza kusikiliza kesi Nairobi mwaka 2021, na baadaye ikafunguliwa katika kaunti nyingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya malipo ya kazi ya kandarasi. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kuandikishwa. Lakini madai ya mwajiriwa dhidi ya mwajiri wake hayasikilizwi huko. Hayo huanzia kwa ofisi ya kazi au mahakama ya mambo ya ajira.

Popote mtakapokwenda mtaulizwa jambo moja: "Ushahidi uko wapi?" Mapatano ya mdomo ni mapatano kisheria, lakini kuyathibitisha ni taabu. Wekeni ile karatasi, risiti, daftari la siku na saa, na ujumbe wa simu ukiwemo ule wa M-Pesa unaoonyesha nani alilipa nini na lini. Msifute.

Na kuna jambo moja msilifanye: kuvunja mlichojenga, au kubeba mali ya mwenye kazi mpaka alipe. Mtageuka kuwa washtakiwa nyinyi, na haki yenu itapotelea hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kazi yetu ya mwisho, tulifanya saa ngapi ambazo hazikuwa katika mapatano? Kwa bei yetu ya siku, ni pesa ngapi?

2. Ni nani katika kikundi anayeruhusiwa kukubali kazi ya ziada? Je, wenzake huulizwa?

3. Bei yetu ya saa ya ziada, ya Jumapili, na ya dharura ya usiku ni ngapi? Wanachama wote wanaijua?

4. Tuna karatasi ya mapatano? Kama hatuna, nani ataiandika kabla ya mkutano ujao?

5. Vibarua wetu wanalipwaje wanapobaki jioni?

Katibu aandike majibu, na jibu la swali la tatu libandikwe ukutani pale mnapokutania. Kazi inayofuata isianze kabla karatasi haijatiwa sahihi.